Mjerumani wa Ukutani kwa Tata

Karatasi ya gazeti iliyogandishwa ukutani kwa uji wa muhogo, halafu ikafukizwa moshi wa kuni miaka nenda miaka rudi, ina harufu ambayo huwezi kuikosea. Ina uchachu, ina masizi, ina panya kidogo. Niliisikia tena mwezi uliopita tulipobomoa nyumba ya tata, kule kijijini kwetu kati ya Malaba na Moding. Tata ndivyo Wateso tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Tulikuwa tumeshamzika, nyumba yake ilikuwa imeanza kuinama upande wa jikoni, na hakuna aliyetaka kuiona ikianguka yenyewe. Ukuta wa sebuleni ulipopigwa nyundo, udongo ulishuka pamoja na karatasi zake, tabaka kwa tabaka, na ile harufu ikanipanda puani nikatafuta mahali pa kuketi. Vijana waliokuwa wakibomoa wakasema, “Madam amechoka.” Sikuwakatalia. Nafundisha jiografia katika shule ya upili karibu na Chakol, na mwalimu wa rika langu huchoka hata siku ya likizo.

Wenzangu mliokulia katika nyumba za udongo hamhitaji kuelezwa. Ukuta ndio uliokuwa maktaba yetu. Baba, ambaye sisi tulimwita Papa, aliendesha trela kutoka Mombasa, na kila aliporudi alileta magazeti na majarida ya zamani aliyoyaokota huko alikolala. Tata alipika uji mzito wa muhogo akayabandika yote, ya siasa, ya mpira, ya matangazo ya dawa ya kupe. Kwa kuwa hakujua kusoma, nusu yake ilikaa kichwa chini, na mimi nilijifunza Kiingereza shingo ikiwa imepinda. Mpaka leo nikisoma kitu kigumu kichwa huinama kando chenyewe.

Juu ya kiti cha Papa kulikuwa na ukurasa mmoja uliobahatika kukaa sawa. Ulikuwa na picha ya mwezi, lakini si ule mwezi laini tunaouona juu ya migomba. Ulikuwa mwezi wa karibu, wa kijivu, wenye mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mashimo yote yalikuwa ya mviringo isipokuwa moja. Hilo lilikuwa limechorewa mshale, na picha yake kubwa ikawekwa pembeni: shimo refu, jembamba, lenye kisigino upande mmoja na vidole upande wa pili. Lilikuwa wayo mtupu.

Nilimuuliza Papa ni nini kile. Alikuwa anakula, na mtu anayekula akitoka safari hapendi maswali, lakini aligeuka akatazama.

“Hapo mtu alikanyaga matope,” alisema. “Akatoa mguu, akaendelea na safari yake.”

Nilimwamini kabisa. Uwanja wa kuegesha malori pale Malaba ulijaa nyayo za namna hiyo kila msimu wa mvua. Jua likitoka zilikauka zikawa ngumu, na nilizoea kuweka mguu wangu mdogo ndani ya wayo wa dereva na kupima ni lini nitaujaza.

Papa aliondoka kwenda Juba mama akiwa na mimba changa. Shehena ilikuwa sabuni na mafuta ya kupikia. Alinipigia honi pale barabarani kama kawaida, nami nikampungia mkono kama kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba siku yenyewe haikuwa na lolote la kukumbuka. Trela lilivuka daraja likaingia Uganda. Halikurudi, wala yeye hakurudi. Mwenye lori alikuja nyumbani mara moja, akauliza habari za lori zaidi ya habari za dereva, akaenda zake.

Mama alikuwa Msamia wa Funyula aliyeolewa huku kwetu. Aliuza chai na chapati kwenye foleni ya malori, ile foleni ya mpakani ambayo siku mbaya ilirudi nyuma mpaka Amagoro. Siku ambazo hapakuwa na shule nilimbebea vikombe. Tulipita kati ya magurudumu yaliyonizidi urefu, na harufu ya dizeli, na ya mpira uliopata joto, na ya sufuria za wali ambazo maturnboi, wasaidizi wa madereva, walipikia chini ya trela. Madereva waliotoka ng'ambo, Uganda, walimwita kwa heshima ya kwao, “Nyabo, leta chai,” naye kabla ya kumimina aliuliza swali lake.

“Hujaona Okiru? Okiru wa trela ya kijani.”

Kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja alisema Okiru ako Juba, barabara imefungwa, watu wote wamekwama huko. Mwingine alisikia amepata tajiri mpya, sasa anapeleka mizigo Kisangani. Mwingine alisema alishikwa na malaria Gulu lakini anaendelea vizuri, kuna mama anampikia uji. Mama aliwashukuru, akawaongezea chai bila kudai kitu, na jioni akamletea tata jina jipya la mji. Mimi nilifurahi. Niliona Papa ana bahati ya kuzunguka dunia. Niliitafuta miji hiyo kwenye ramani iliyochakaa ya darasani, nikawa natembeza kidole kutoka Gulu hadi Kisangani, na huenda ndiyo sababu nikaishia kufundisha somo hili. Watu hudhani nililichagua.

Mtoto alizaliwa, mvulana, na akalia. Najua watoto wote hulia, lakini huyu alilia kama aliyetumwa. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia mpaka ukishika sikio lako ukakuta kilio kimebaki humo. Tata alizunguka naye uwanjani akimpigapiga mgongoni mpaka visigino vyake vikapasuka. Mama alirudi kwenye foleni mapema kuliko inavyostahili mzazi, nadhani ili akapumzike na kelele za malori.

Niseme kwamba mama na tata walisemezana kwa Kiswahili. Mama hakukijua Kiteso vizuri, na tata hakujua Kisamia hata salamu, basi waliishi kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, kila mmoja akiivunja kwa upande wake. Walielewana kuliko wengi wanaozungumza lugha moja.

“Hii mtoto iko na mtu anaisumbua,” mama alisema siku moja. “Kwetu mtoto akilia hivi, kuna mzee alikufa na anataka jina.”

“Hata kwetu,” tata akajibu. “Lakini sisi hatukisii. Tunauliza yeye mwenyewe.”

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Bibi huchovya kidole kwenye ajon, pombe yetu ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja jina la mmoja wa marehemu wa ukoo. Mtoto akitema, linatajwa jingine. Jina atakalolinyonya ndilo lake, na padri atakuja baadaye aongeze la kwake. Lakini ni lazima mwenye jina awe amekufa. Kwetu jina la mtu aliye hai haliitwi juu ya mtoto, kwa sababu ukiliita umemzika mwenyewe huku anatembea.

Nililijua hilo kama nilivyojua kwamba jua hutoka upande wa Kakamega, bila kulifikiria. Aliyenifanya nilifikirie ni mwalimu wangu wa darasa. Alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi juzi, amepanga chumba cha nje hapo kwetu, na kila mtu alimwita Madam. Jioni moja alikuja kuomba makaa ya moto. Alipokuwa akingoja yashike aliona ule ukurasa juu ya kiti cha Papa, akausogelea, akaanza kunisomea kwa sauti na kunitafsiria, mwalimu hana dogo.

Nilimwambia najua, ni mguu wa mtu.

“Si mguu wa mtu,” Madam akasema. “Ni shimo, na ni kubwa. Hapa kwetu lingeanzia Malaba lipite Kericho.”

“Nani alichimba?”

“Jiwe kutoka huko juu. Ama mawe mengi yaliangukia pamoja. Wanasema hawajui kwa nini liko refu hivyo, na mengine yote ni ya mviringo.” Akasoma kidogo kimoyomoyo. “Limepewa jina la Mjerumani fulani wa zamani.”

Jina hilo sitaliandika. Kila nikilitamka darasani wanafunzi wangu hucheka, na sina nguvu za kuchekwa tena hapa. Lakini habari zake Madam alizisoma zote. Mtu huyo alikuwa mwanasheria na mcha Mungu. Alitazama nyota akachukia kuona zinaitwa kwa majina ya wanyama na ya miungu ya kale, basi akaketi akachora upya ramani ya mbingu nzima. Wale wanyama wa njia ya jua akawafanya mitume. Nyota nyingine akazipa majina ya watakatifu na ya watu wa kwenye Biblia.

“Watu wakakubali?” niliuliza.

“Wakakataa. Hakuna hata jina moja lilishika. Wakarudia yale ya wanyama. Sasa alipokufa ndio wakampea hilo shimo.”

“Mbona hawakumpea akiwa hai?”

“Ah, hawapeani kwa mtu ako hai. Hayo mashimo ni ya wafu. Mpaka ukufe kwanza.”

Makaa yakashika, Madam akayabeba akaenda kupika. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya kiti cha Papa. Nikasoma lile jina la Kijerumani tena na tena, herufi kwa herufi, nikihakikisha halikuandikwa Okiru. Halikuwa hilo. Nikashusha pumzi. Halafu akili yangu ya mtoto ikafanya kazi yake, ikageuza maneno ya Madam nyuma mbele. Kama jina haliwekwi mahali mpaka mtu afe, basi jina likiwekwa mtu anakufa. Papa alikuwa Gulu anakunywa uji, au Kisangani kwa tajiri mpya, salama salimini, ilimradi jina lake lisiwekwe popote.

Sasa fikiria mtoto mwenye mawazo hayo akimsikia shangazi yake. Shangazi, dada yake Papa, alikuwa anakuja karibu kila siku kusaidia na mtoto, na alikuwa ameanza kusema kwamba mtoto analilia baba yake. Asiyekuwapo na lake halipo, alisema, na tuliopo sote tunalijua jina ambalo mtoto anataka, tunaogopa tu kulisema. Tata hakumjibu. Alibonyeza midomo akaendelea kupepeta wimbi. Nami nikauchukua ule ukimya wake kuwa ndiyo. Tangu hapo nilimwogopa tata. Niliviangalia vidole vyake vikipepeta, virefu, vyenye kucha ngumu, nikajua mojawapo ndicho kitakachomuua Papa, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi ya kutoa jina wanawake walijaa uwanjani na khanga zao za kanisani. Mwezi ulikuwa haujatua. Ulikuwa juu ya ghala, mweupe kama kipande cha muhogo, na nakumbuka kwamba nilimwomba yule Mjerumani atusaidie. Sijui kwa nini niliona yeye ndiye wa kuombwa. Labda ni kwa sababu alikuwa mtu wa kutoa majina, na yeye pia hakusikilizwa.

Tata aliketi mkekani mlangoni, mtoto mapajani, kibuyu cha ajon kando yake. Mama alikuwa nyuma ndani ya kivuli cha nyumba, kwa sababu mama mzazi hana sauti siku hiyo. Tata akachovya kidole. “Omuse,” akaita, jina la mumewe. Mtoto akageuza uso. “Ekirapa,” baba yake Omuse. Mtoto akatema na kupandisha kilio. Akaita la mjomba aliyezama mtoni, la yule aliyekwenda vitani na wazungu, la yule aliyekuwa na ng'ombe wengi, na kila jina lilirudishwa kama lilivyokwenda. Wanawake walioanza wakicheka sasa walitazama miguu yao. Majina ya ukoo yalikuwa yanaisha kama unga kabla ya mavuno.

“Mama,” shangazi akamwambia tata taratibu, “si uite ile ingine.”

Nikaruka kutoka nilipokuwa. “Tata, muite yule Mjerumani!” Nikalitaja lile jina vile nilivyoweza.

“Huyo ni nani?”

“Alikufa, tata. Alikufa kabisa. Ako kwa ukuta, juu ya kiti ya Papa.”

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashikana mabega, na tata naye akacheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu trela livuke daraja. Kisha akaacha kucheka. Akanitazama, na nadhani aliona usoni mwangu kile nilichokuwa naomba. Akachovya kidole, akaliita jina la yule mzungu kama nilivyolitaja mimi, kwa sauti ileile aliyowaitia wazee wa ukoo, akakitia mdomoni mwa mtoto. Nilizuia pumzi. Mtoto akatema.

“Hata huyu amekataa,” tata akasema. “Anajua si wetu.”

“Mama,” shangazi akarudia.

Tata akafuta kidole chake kwenye khanga, polepole, mpaka kikakauka. “Hapana,” akasema. “Okiru hajakufa. Nani aliona maiti? Mimi siwezi kuzika mtoto yangu na kidole.”

Sijui niandike vipi nilivyojisikia. Yule niliyemwogopa siku zote hizo ndiye aliyekuwa upande wangu. Nilitaka kumkimbilia. Lakini nyuma yake mama alikuwa ameinuka, akatoka kivulini, akasimama mbele ya wanawake wote ambao hakupaswa kusema mbele yao.

“Mama, nimeuliza madereva wote,” akamwambia tata. “Wewe hujauliza hata mmoja.”

“Si wanasema ako Kisangani?”

“Wanasema. Lakini wakisema wanaangalia kikombe. Mtu akiwa na habari nzuri anakuangalia kwa macho.”

“Ngoja kidogo tu, mwanangu. Subira inavuta heri.”

“Hiyo kamba ya kuvuta imekatika, mama. Mimi nimechoka. Hii mtoto imechoka. Hata Okiru mwenyewe, mahali ako, amechoka kutafutwa.” Akapiga magoti mkekani. “Hatuna kaburi. Tuko na mtoto.”

Akamchukua mtoto. Tata hakumzuia wala hakumpa. Mikono yake ilibaki imefunguka mapajani. Mama akachovya kidole chake mwenyewe kwenye ajon, jambo ambalo hakuna mwanamke pale aliyewahi kuliona, na nikamsikia mmoja akivuta pumzi kwa meno. “Okiru,” mama akasema. Hakupaza sauti. Ilikuwa ile sauti yake ya kwenye foleni, ya kuuliza.

Mtoto akanyonya. Alinyonya pombe ikaisha, akaendelea kunyonya kidole kitupu, amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe tukasikia kuku wakiparura nyuma ya nyumba. Hapo desturi ni vigelegele. Hakuna aliyepiga. Shangazi, aliyekuwa akililia jina hilo kila siku, alifunika uso kwa khanga akatoka akaenda kusimama njiani.

Mimi ndiye niliyelia. Nilikuwa nimemwona mama akimuua Papa mchana kweupe, mbele ya watu, kwa kidole. Nilimchukia. Nilikataa chapati zake, nilikataa kubeba vikombe, nikahamia kulala chumbani kwa tata, na mama hakunilazimisha wala hakunieleza. Alikuwa na kazi. Nilipokubali kurudi naye kwenye foleni niligundua kwamba haulizi tena. Alimimina chai, akapokea kikombe, akasogea kwa lori linalofuata. Na madereva, wale wale, sasa walimtazama machoni.

Papa hakurudi. Hatukupata kujua ni wapi, wala lini, wala nani alikuwa naye. Sisi wa mpakani tuna wengi wa namna hiyo, na naona wenzangu kadhaa mnaosoma haya mnatikisa kichwa.

Lile shimo la mwezini nimelisoma tena ukubwani, si mara moja. Nalifundisha kila mwaka, somo la mfumo wa jua likifika. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana lilikujaje: wako wanaosema ni mashimo mawili au zaidi yaliyoungana, wako wanaosema jiwe lilikuja kwa mlazo likauparuza mwezi. Siku hizi silifikirii jiwe, namfikiria mwenye jina. Alihangaika maisha yake yote kuita vitu majina, mbingu ikamkatalia, na mwisho akapewa pahali pamoja tu pa kukaa, tena pasipofanana na pa wengine. Zamani nilidhani kumpa mtu shimo ni kumfukia. Siku hizi nadhani ni kumpa pa kuketi aache kuzunguka. Kuna siku nyingine, mwishoni mwa muhula, sidhani lolote la maana. Nadhani mama alichoka tu, na kwa kuwa nimeshaupita umri aliokuwa nao wakati ule, sina ujasiri wa kumuuliza aliyechoka kwa nini ameketi.

Ila tata hakuketi. Tangu asubuhi ile hakuwahi kumwita ndugu yangu Okiru. Alimwita Mjerumani. “Mjerumani, lete maji.” “Mjerumani, toa hiyo mbuzi kwa mahindi.” Watu wakalidaka, likaenda naye shuleni, likaenda naye uwanja wa mpira, na hata leo ukifika Busia mjini ukamuulizia kwa jina la kwenye kitambulisho utazungushwa, lakini ukisema Mjerumani fundi wa magari utaonyeshwa na mtoto mdogo. Wageni hudhani aliitwa hivyo kwa sababu ni mchapakazi. Mama naye alimwita Okiru, kwa sauti, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wanawake wawili, uwanja mmoja, mtoto mmoja mwenye majina mawili, na hawakuwahi kugombana juu ya hilo hata siku moja. Mmoja aliita, mwingine akanyamaza. Ndugu yangu aliitika yote mawili.

Hivi karibuni, wiki zile za mwisho za tata, tulimlaza sebuleni ambapo kuna hewa. Macho yalikuwa yameshamwacha na chakula alikuwa anakionja tu. Mama, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, aliketi karibu na kitanda akiambua njugu. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani mezani. Ilikuwa alasiri ya joto, kimya, na ndugu yangu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, mikono ina grisi, ana umri ambao Papa hakuufikia. Aliinama kupita mlangoni kwa sababu ni mrefu.

“Okiru,” tata akasema.

Mama akaacha kuambua. Ndugu yangu alisimama pale pale mlangoni akanitazama mimi. Hakuwa ameitwa hivyo na tata tangu azaliwe.

“Okiru, ni wewe?”

“Ni mimi, mama,” ndugu yangu akasema. Hakusema tata.

“Umekawia.”

“Barabara ilikuwa mbaya, mama. Lakini nimefika.”

Tata akavuta pumzi ndefu. Akageuza kichwa kumtafuta mama kwa yale macho yasiyoona. “Bwana yako amekuja,” akamwambia. “Mpe chakula.”

Mama angeweza kusema chochote. Alisukuma ungo wa njugu kando, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni, na tukamsikia huko akifunua sufuria. Alirudi na ugali wa wimbi na kunde, akaweka mezani nilipokuwa nimetoa karatasi zangu. Kisha akaleta beseni na jagi la maji, akapiga magoti mbele ya mtoto wake, kama wake wa huku wanavyowapigia waume zao, akamwagia maji mikononi mpaka grisi ikatoka.

“Karibu nyumbani,” akamwambia.

Okiru alikula chote, tata akimsikiliza.